Baiskeli barabarani: makosa yanayozaliwa na woga, na namna ya kuyaacha

Waendesha baiskeli wakilaumiwa, hulaumiwa kwa ujeuri: wanapita taa nyekundu, wanajichomeka kati ya magari, wanakatiza bila kuangalia. Ujeuri upo, sikatai. Lakini simama kando ya Barabara ya Morogoro asubuhi watu wakienda kazini, uwatazame wanavyoendesha. Utaona makosa mengi yanatokana na woga. Huyu amepita upande usio wake ili ayaone magari yanayokuja. Yule amejibana ukingoni kabisa, tairi linakaribia kuingia mtaroni. Mwingine ameshusha siti hadi magoti yanapanda kifuani, ili miguu ifike chini haraka. Na karibu wote hawagusi breki ya mbele.

Kila moja ya tabia hizo humpa mtu utulivu moyoni huku ikimwongezea hatari. Ndiyo maana haziachwi kwa kukemewa. Mtu anahitaji kuonyeshwa njia nyingine, aijaribu mahali pasipo na magari, kisha atoke nayo barabarani. Nimezipanga kwa kuanza na zile zinazoua. Goti linalouma litasubiri zamu yake.

Hatua ya kwanza: zijue breki zako kabla ya kutoka nyumbani

Wapo wanaoendesha bila breki kabisa, wanasimama kwa kukanyagia kandambili kwenye tairi. Hao sina la kuwaambia zaidi ya kwamba kandambili ikilowa haishiki kitu, na pedi mpya hazigharimu sana. Kundi kubwa zaidi ni la wenye breki mbili wanaotumia moja.

Utotoni tuliambiwa usiguse breki ya mbele, utapinduka kichwa chini. Onyo hilo lina ukweli wake, ila linakuachia breki iliyo dhaifu. Ukifunga breki, uzito wa mwili unasukumwa mbele: gurudumu la mbele linakandamizwa kwenye lami, la nyuma linakuwa jepesi. Ukiibana ya nyuma peke yake kwa nguvu, tairi linaserereka na baiskeli inaendelea kwenda. Mtu anayekwenda kilomita 20 kwa saa anapita zaidi ya mita 5 kila sekunde. Kwenye lami kavu, breki mbili kwa pamoja zinaweza kukusimamisha kwa karibu nusu ya umbali ambao breki ya nyuma pekee ingeutumia. Nusu hiyo ndiyo inayokutenganisha na mlango wa gari uliofunguliwa ghafla.

Kupinduka hutokea breki ya mbele inapobanwa ghafla wakati mikono imelegea na kifua kimelalia usukani. Zoezi lake ni hili, kwenye uwanja wa mpira au barabara ya mtaani isiyo na magari:

1. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma linapaswa kutaka kunyanyuka. Ikiwa la mbele linaendelea kuzunguka, breki hiyo haifanyi kazi; ipeleke kwa fundi kwanza.
2. Panda, nenda mwendo wa mtu anayetembea haraka, kisha bana breki ya mbele taratibu kwa vidole viwili. Usiinyakue. Fanya hivyo hadi mkono uzoee.
3. Ongeza mwendo. Sasa bana zote mbili pamoja, nyosha mikono na usukume makalio nyuma ya siti. Ukihisi la nyuma linaanza kuserereka, legeza kidogo ya mbele.
4. Rudia hadi ufanye hivyo bila kufikiri, kwa sababu siku ya siku hutapata nafasi ya kufikiri.

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa baiskeli za mtumba hulisahau. Baiskeli zilizotengenezewa nchi zinazoendesha kushoto, kama Japani na Uingereza, kwa kawaida huwa na breki ya mbele kwenye mkono wa kulia. Zile za Marekani na Ujerumani mara nyingi huwa kinyume. Na za Uholanzi nyingi hazina kabisa mkono wa breki ya nyuma: unasimama kwa kurudisha pedali nyuma. Kama umezoea moja ukanunua nyingine, usitoke nayo barabarani siku hiyo hiyo. Mwombe fundi abadilishe waya, au endesha mtaani hadi mikono izoee.

Mvua inabadilisha hesabu yote. Rimu za chuma zinazong'aa, kama za Phoenix, zikilowa hazishikwi na pedi hadi maji yafutike. Kwa hiyo anza kugusa breki kidogo kidogo mapema, uzikaushe rimu, kabla hujazihitaji. Kwenye tope, mchanga au majani mabichi tegemea zaidi ya nyuma, maana gurudumu la mbele likiteleza unaanguka papo hapo. Na ukiwa unateremka mlima mrefu, tuseme kutoka Lushoto kwenda Mombo au Kitonga pale Iringa, usibane breki mfululizo kuanzia juu hadi chini. Rimu inapata moto na pedi zinaisha. Bana vizuri, punguza mwendo, achia, bana tena. Mteremko ukikushinda, shuka ukokote. Waliokuzoea hawatakucheka, na wasiokujua hawana habari nawe.

Hatua ya pili: rudi upande wako

Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, na baiskeli ni chombo cha barabarani kama vyombo vingine. Mtembea kwa miguu kwenye barabara isiyo na njia ya waenda kwa miguu anashauriwa kutembea akiyatazama magari. Wengi wameuchukua ushauri huo wakaupandisha kwenye baiskeli, na hapo ndipo ulipoharibika.

Piga hesabu mwenyewe. Wewe unakwenda kilomita 15 kwa saa, gari linakwenda 50, ambao ndio ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya makazi hapa Tanzania. Likitokea nyuma yako, linakukaribia kwa tofauti ya mwendo: kilomita 35 kwa saa. Mkikutana uso kwa uso, mnakaribiana kwa jumla ya mwendo: 65. Akikuona mita 50 kabla, dereva aliye nyuma yako ana sekunde 5 hivi za kuamua, na zaidi ya hapo anaweza kupunguza mwendo akakufuata taratibu hadi apate nafasi. Aliye mbele yako hana hata sekunde 3, na hawezi kukufuata. Lazima mmoja wenu apishe.

Makutano ndiyo mabaya zaidi. Dereva anayetoka barabara ya pembeni anaangalia kulia kwanza, kwa kuwa magari ya upande wa kwake hutokea huko. Wewe unayekuja upande usio wako unatokea kushoto kwake, ambako hatarajii mtu. Anaona kulia ni kweupe, anakanyaga mafuta, na wewe uko mbele ya bampa.

Jirekebishe kwa njia hii: kama duka unalokwenda liko upande wa pili na ni karibu, shuka, vuka kwa miguu, kokota. Usijiambie "ni mita mia tu". Mwendesha baiskeli anayepita upande usio wake karibu kila mara anakwenda mita mia tu.

Wanaovuka mipaka wana mtihani wao. Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Ukipita Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, kila kitu kinageuka: upande wa kukaa, bega la kuangalia nyuma, hata mlango wa basi unaofunguka upande wako. Kosa halitokei pale mpakani penye mabango na askari. Linatokea baadaye, umeshakunywa chai, unatoka kwenye barabara tupu ya vumbi na mwili unajirudia wenyewe kushoto.

Hatua ya tatu: toka ukingoni

Kuminywa ukingoni kunaonekana ni adabu. Unawapisha wakubwa. Lakini ukingoni ndiko kuna kokoto, mchanga, vipande vya chupa, chemba zisizo na mifuniko na lami iliyobomoka ikaacha ngazi. Ukikutana na shimo huko huna pa kwenda kushoto, kwa hiyo unakwepa kulia ghafla, mbele ya gari ambalo dereva wake alidhani utaendelea kunyooka.

Acha nafasi ya karibu mita moja kutoka ukingo wa lami, na ushike mstari ulionyooka. Magari yaliyoegeshwa yapite kwa umbali wa mlango uliofunguka. Usiingie na kutoka katikati ya magari yaliyoegeshwa. Kila unapotoka unamshtua aliye nyuma. Barabara ikiwa nyembamba kiasi kwamba gari halitoshi kukupita salama, kaa katikati zaidi kwa kipande hicho ili asijaribu, kisha umpishe palipo wazi. Atapiga honi. Honi ni ishara kwamba amekuona, na hilo ndilo ulilolitaka.

Kwa lori au basi kubwa kanuni hiyo inageuka kinyume. Hapo pisha mapema, hata kama ni kushuka kwenye vumbi. Barabara kuu za malori, kama ile inayokwenda Tunduma, si mahali pa kudai haki yako. Ukilisikia lori nyuma na jingine linakuja mbele, tafuta pembezoni kabla hayajakutana hapo ulipo.

Daladala linastahili onyo lake. Likiwa limesimama kituoni, usilipite kushoto. Mlango uko huko, na abiria anaruka kabla konda hajamaliza kugonga bati. Subiri nyuma, au lipite kulia baada ya kuangalia nyuma. Lori linalosubiri kupinda kushoto kwenye mataa, usijichomeke kati yake na ukingo hata kama nafasi inatosha kabisa. Likianza kupinda, magurudumu ya nyuma yanakata kona ndani zaidi ya yale ya mbele, na nafasi uliyoiona inakwisha ukiwa ndani yake. Kipimo ni rahisi: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni.

Na njia ya mabasi ya mwendokasi jijini Dar es Salaam si njia yako. Njia ya Kimara hadi Kivukoni, iliyoanza kazi mwaka 2016, ilijengwa na njia za baiskeli pembezoni. Najua zina bodaboda, meza za wafanyabiashara na magari yaliyoegeshwa, na inaudhi. Lakini bodaboda utaipigia kengele. Basi la mita 18 linalokuja nyuma yako kwenye njia ambayo dereva wake hatarajii baiskeli halitakwepa popote, maana kuna kingo pande zote.

Hatua ya nne: kupinda kulia

Kupinda kulia ndilo jambo gumu kuliko yote barabarani, na watu wengi hulifanya kwa imani: wanatoa mkono na kukata papo hapo, kama vile mkono una nguvu za kusimamisha gari. Mkono ni taarifa tu. Kuangalia kunatangulia.

Anza uwanjani. Chora mstari, uendeshe juu yake, kisha geuza shingo uangalie nyuma juu ya bega la kulia bila baiskeli kuyumba. Mwanzoni usukani utafuata kichwa. Legeza mkono wa kulia kidogo na uangalie kwa muda mfupi. Ukiweza hilo, jaribu kuendesha kwa mkono mmoja huku wa kulia umenyooka pembeni. Asiyeweza mambo hayo mawili asipinde kulia kwenye barabara yenye magari mengi. Atumie njia ya pili nitakayoieleza.

Barabarani, ukibakiza mita 40 au 50 kufika kona, angalia nyuma. Kukiwa na nafasi, nyosha mkono, angalia tena, sogea taratibu kuelekea katikati ya barabara. Rudisha mkono kwenye breki. Subiri wanaotoka mbele wapite, kisha pinda bila kukata kona fupi. Zunguka uingie upande wako wa kushoto wa barabara unayoingia.

Njia ya pili: nyooka hadi uvuke barabara unayotaka kuingia, simama kushoto, geuza baiskeli ielekee huko, kisha vuka pamoja na wanaonyooka, au kokota kwenye pundamilia. Inakula dakika moja. Kwenye makutano makubwa hata waendeshaji wazoefu hufanya hivyo, na nadhani ndiyo sababu wamefikia kuitwa wazoefu.

Yale yasiyo ya woga

Kudandia lori ni kosa linalozaliwa na haraka na uchovu. Tabia hiyo imeota mizizi kwenye barabara ya kupanda kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, ambako mtu anatoka kando ya ziwa, chini ya mita 800, na kupanda hadi zaidi ya mita 2,000. Wabeba ndizi hushikilia malori nyuma wakivutwa kama msafara. Ukiuona mlima wenyewe utawaelewa. Kuelewa hakuzuii lori kufunga breki, kutumbukiza gurudumu shimoni, au kuyumba kukwepa mtu. Wewe uliye nyuma huoni barabara, na mkono mmoja hauko kwenye breki.

Hedifoni masikioni zinakunyang'anya kioo pekee ulichonacho. Baiskeli nyingi hazina kioo. Gari la nyuma tunalijua kwa mlio. Na pombe tusidanganyane kwamba inamhusu mwenye injini tu.

Hatua ya tano: mzigo na abiria

Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, uzito wa mtu mzima, na kuna wanaobeba sita. Mzigo mzito nyuma una faida moja: gurudumu la nyuma linashika lami vizuri zaidi, kwa hiyo breki ya nyuma inakuwa na nguvu kuliko kawaida. Hasara zake ni nyingi. Umbali wa kusimama unaongezeka, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi, linayumba ukipanda mlima.

Weka vizito chini, vining'inie pande mbili za karia kwa uzani sawa. Vyepesi ndivyo vikae juu. Funga kwa mpira wa tyubu uliokatwa, kisha tafuta ncha zote zinazoning'inia uzichomeke ndani. Ncha ikiingia kwenye spoku inajisokota hadi gurudumu lijifunge. Kabla ya kupanda, kokota baiskeli hatua 10 na ubane breki. Kama mzigo umehama, afadhali umehama ukiwa chini.

Abiria wa nyuma ana hatari mbili ambazo ni za kila siku na karibu hazitajwi. Ya kwanza ni khanga, kitenge au baibui kuingia kwenye gurudumu. Nguo ikusanywe yote mapajani na ikaliwe kabla ya kuondoka. Ya pili ni mguu wa mtoto. Mtoto akikaa kwenye karia bila pa kuweka miguu, inaning'inia karibu na spoku, na kisigino kikiingia humo kinachunwa au mfupa unavunjika katika mzunguko mmoja. Mwambie fundi afunge vikanyagio pande mbili za ekseli ya nyuma na wavu au ubao unaokinga spoku. Mtoto asiyeweza kufikisha miguu kwenye vikanyagio asikae pale. Mtafutie kiti chake chenye mkanda.

Hatua ya sita: usiku

Kwetu karibu na ikweta giza haliji polepole. Jua likizama saa kumi na mbili na nusu, kufikia saa moja kasoro ni usiku, na aliyetoka bila taa akitumaini kuwahi amekwama njiani. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Ukiwa na pesa ya moja tu, nunua ya nyuma kwa sababu ya mbele unaweza kuifidia kwa tochi. Kipande cha nailoni inayoakisi mwanga kikishonwa kwenye begi au kufungwa kifundoni kinasaidia sana. Kifundo kinapanda na kushuka, na dereva anajua mara moja kwamba hiyo ni baiskeli. Tochi ya simu mdomoni, hapana.

Hatua ya saba: upepo, cheni, siti

Upepo: kiwango kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Bila geji, bonyeza kwa dole gumba. Tairi la nyuma lisibonyee ila kidogo sana. Tairi legevu likigonga jiwe, tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili yaliyopangana. Ukiyaona hayo usilaumu misumari.

Cheni: acha kuimwagia oili chafu ya gari. Tayari imejaa uchafu wa injini, na ikichanganyika na mchanga inakuwa msasa unaokula meno. Sugua cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, iache ikauke, weka tone moja la mafuta safi kila kiungo, zungusha pedali, kisha futa ya nje yote. Mafuta yanayofaa ni yale yaliyoingia ndani. Wa pwani wafanye mara nyingi zaidi, chumvi ya baharini haina simile.

Siti, mwisho. Aliyeishusha sana alitaka miguu yote miwili ifike chini akiwa amekaa, na analipa kwa maumivu ya mbele ya goti. Kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unapaswa kunyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo. Hapo ndipo siti inapokaa, mradi alama ya ukomo kwenye bomba la siti isionekane.

Sasa utauliza utasimamaje. Unashuka kwenye siti. Ukikaribia kusimama, kanyaga pedali ya chini, nyanyua makalio uyalete mbele ya siti, na mguu mwingine uguse ardhi. Kuondoka, inua pedali moja mbele hadi juu kidogo, ikanyage, mwili unapanda wenyewe na baiskeli inaanza kwenda, ndipo ukae. Kama bado unaogopa, pandisha siti sentimita moja kila wiki hadi kisigino kifike. Nyonga zikianza kuyumba kushoto na kulia unapokanyaga, umezidisha. Shusha kidogo, kaza nati.